Mama Birika ni Wetu

Jumanne, tarehe tisa mwezi wa sita, saa mbili na nusu asubuhi, Mama Birika aliteleka kahawa kwenye jiko la mkaa, akaketi mwisho wa benchi, akaegemeza kichwa ukutani, na hakukiinua tena. Wenyeji wa benchi walidhani amesinzia. Kwa heshima wakapunguza sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea pale kijiweni, wakaendelea kubishana kwa kunong'ona mpaka kahawa ikafurika na kuzima moto. Benchi lenyewe ni ubao wa kitanda cha zamani uliopigiliwa miguu minne, mbele ya kibanda cha mumewe, fundi viatu. Watu humwita Mzee Gundi, kwa sababu neno likishaingia kinywani mwake huchukua muda kubanduka. Upande mmoja wa kibanda kuna fundi cherehani, upande wa pili fundi redio, na ukuta wa nyuma umeng'aa kwa kuegemewa na migongo ya miaka mingi. Alhamisi alasiri, siku moja kabla ya maziko, migongo mitatu ilikuwa pale kama kawaida. Mwisho wa benchi palikuwa na pengo, na hakuna aliyethubutu kulikalia.

Siku hiyo Mzee Gundi aliteleka kahawa mwenyewe. Ilikuwa ya mwisho, unga uliobaki chini ya kopo, alioutwanga marehemu kwa mikono yake. Aliona afadhali inyweke kuliko iwekwe rafuni iote ukungu. Akawamiminia watatu wale, akaketi kwenye kigoda chake cha kazi na kiatu mapajani. Kilikuwa kiatu cha mkewe, kile cha Jumapili, atakachovishwa kesho. Kilihitaji mishono michache tu pembeni, lakini tangu Jumanne mkono ulikuwa haushiki sindano. Tangu Jumanne pia hakuwa ameweza kusali. Hilo hakumwambia mtu. Kila alfajiri ya ndoa yao walikuwa wakisali pamoja kabla ya kuwasha jiko, yeye maneno machache, mke mengi kidogo. Sasa alikuwa akifungua kinywa na hapati hata pa kuanzia.

— Nina neno, alisema.

Watatu wakasogeza vikombe. Neno la Mzee Gundi husubiriwa.

— Leo asubuhi amekuja mchungaji. Akasema, "Tumejiandaa kumzika mama yetu kesho saa nane." Nikamshukuru. Kabla hajamaliza chai, akaja padri. Akasema, "Tumejiandaa kumzika mama yetu kesho saa nane." Nikamshukuru naye. Nilipogeuka kutafuta kiti kingine, mlangoni kuna mtumishi wa Bwana amevaa suti nyeupe, naye kajiandaa.

— Saa nane? akauliza fundi redio.

— Saa nane.

— Sasa wakafanyaje?

— Wakasalimiana.

— Kwa upendo?

— Kwa mikono.

Mzee Gundi akaifuta vumbi ncha ya kiatu.

— Nataka kujua nani aliwapelekea habari.

Fundi cherehani akaanza kukagua kifungo cha shati lake. Jina lake la kijiweni ni Kinanda. Kanisani kwao kuna kinanda kikubwa, na yeye huimba tenori kama mtu anayedai haki yake mahakamani.

— Mimi nilimwambia mchungaji, alikiri. — Lakini mzee, ningeachaje? Mama alikuwa mwenzetu.

— Wenu? Fundi redio akaruka. Huyu ndiye Spika. — Ndiyo maana Jumanne ulisema unakwenda kutafuta uzi! Mama alikuwa wetu, bwana. Mimi nimempigia mtumishi simu mbele ya mwili.

— Nawe ulisema unakwenda kutafuta chaji!

— Nyamazeni, nyinyi wawili, alisema wa tatu, mlinzi wa ghala, mtu wa kanisa la kupiga magoti na kutulia. Watu humwita Kimya, kwa kuwa tangu aanze kusali kwa utulivu hajaacha kuusimulia. — Nyamazeni niseme. Utulivu ni kitu kizuri sana, na mimi nikianza kueleza uzuri wa utulivu, hata jua litakuchwa. Padri nilimwambia mimi. Kwani nimekosea? Aliyenileta pale kanisani ni nani kama si Mama Birika? Mnajua nilifanya kazi mashine ya kusaga unga. Kichwa changu kilikuwa kinasaga hata nikilala. Siku moja mama akaniambia, "Baba, wewe makofi hayatakuponya. Njoo alfajiri." Akanishika mkono, akanikalisha nguzo ya tatu, akasema, "Hapa hutaulizwa kitu." Nikalia mpaka misa ikaisha. Mtu anayejua nguzo kwa nguzo, atakuwa wa kanisa gani kama si letu?

— Na mimi nani alinileta? Spika akauliza. — Niliwahi kwenda kwa Kinanda. Mahubiri yakianza, mimi usingizi. Mzee wa kanisa ananifinya, naamka, naomba radhi, nasinzia tena. Mama akasema, "Mwanangu, damu yako inachemka, wewe hukuumbiwa kiti." Akanipeleka kwa wenye ngoma. Aliruka pamoja nami, mzee! Umri ule! Hata kisigino cha kiatu kikang'oka.

Mzee Gundi alikikumbuka kisigino hicho. Alikigonga misumari mwenyewe, na mkewe akasema tu, "Nilikuwa nasindikiza mtu."

— Kuruka si uanachama, alisema Kinanda. — Mimi nilipofiwa na mwanangu, sikutaka kuruka wala kunyamaza. Nikinyamaza namsikia mtoto. Mama akanipeleka mahali ambapo namba ya wimbo imeandikwa ubaoni. Ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, Amina. Akaniambia, "Hapa utajua kila kitu kinaishia wapi." Mwaka mzima, ndugu zangu, hilo ndilo lililonishikilia. Alisimama kando yangu na kitabu.

Kama wangeishia hapo, kesho ingekuwa nyepesi. Lakini kijiwe ni kijiwe.

— Alishika kitabu tu, Spika akasema chinichini. — Hata mimi nashika redio za watu.

— Unasemaje?

— Nasema mama alikuwa wetu. Wahenga wanasema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndiyo maana sisi tunaongeza sauti, watu wasivunjike miguu! Kesho naleta spika kubwa nne. Spika hizo, mzee wangu, zinaamsha maiti.

Spika mwenyewe akaziba mdomo kwa kiganja.

— Samahani, mzee.

— Endelea, mwanangu, alisema Mzee Gundi. — Zikimwamsha, nitakushukuru.

Alisema bila tabasamu, kwa hiyo hawakujua kama wacheke. Kimya akaokoa hali kwa namna yake.

— Wahenga wanasema, kimya kingi kina mshindo mkuu.

— Umejifunga mwenyewe! Spika akajipiga paja. — Mshindo ni nini? Si ngoma? Wahenga walikuwa upande wetu!

— Mshindo wa ndani!

— Wa ndani unasikika na nani? Mbingu ziko juu, bwana. Sala ya kunong'ona ikifika mawinguni imeshachoka. Inageuka mvua. Mwaka ule wa mafuriko niliwashuku nyinyi.

— Na malaika wa kwenu yuko wapi siku hizi? Kimya akamuuliza. — Aliomba uhamisho! Masikio yamekufa. Kapelekwa bustanini kumwagilia maua, ndiyo maana mnaomba magari na hamyapati.

— Hamjui lolote nyote wawili, alisema Kinanda, akinyoosha kola. — Mbinguni kuna sauti nne. Soprano, alto, tenori, besi. Mtu akifika hajui sauti yake, anakaa kwenye benchi la mazoezi mpaka ajue.

— Kwa muda gani?

— Milele ni ndefu. Atajifunza.

— Mimi nitaimba sauti ya tano, alisema Spika.

— Sauti ya tano huimbwa chini, kwenye joto.

— Kwa hiyo mababu zetu wote wako mazoezini? akauliza Kimya.

— Mwenda pole hajikwai, alijibu Kinanda, na hakuna aliyejua methali hiyo ilikuwa inatafuta nini pale.

Mzee Gundi aliwasikiliza huku akizungusha kiatu mapajani. Jumapili nyingi aliandamana na mkewe. Alikuwa akimwuliza mlangoni, "Leo kwa nani?" naye akajibu kufuatana na mtu aliyekuwa anamsindikiza. Popote walipokwenda, Mzee Gundi aliketi karibu na mlango. Watu wakimwuliza, "Baba, wewe ni wa kanisa gani?" aliwajibu, "La mke wangu," nao wakadhani anatania. Alikuwa anasema kweli. Sasa alikitazama kiatu. Ncha imekwanguka, kama vinavyokwanguka viatu vya watu wa kupiga magoti. Kisigino kina misumari mipya ya siku ile ya kuruka. Na soli, kutoka mwanzo hadi mwisho, imelika kwa kutembea. Kama kesho angewapelekea viongozi wale kiatu hiki waamue ni cha nani, kila mmoja angeondoka na kipande chake.

— Watarudi kabla ya jua kuzama, alisema. — Wanataka jina moja la kuongoza. Nitawaambia nini?

— Nina wazo, alisema Spika. — Tupokezane, kama walinzi. Kimya na watu wake wamtoe nyumbani, maana nyumbani kuna huzuni, hata sisi tutaelewa. Barabarani tuachieni sisi, barabara inataka ngoma. Kinanda apokee makaburini.

— Nimekubali, Kinanda akajibu upesi mno.

— Subiri kwanza, alisema Kimya. — Kwa nini yeye apewe kaburi?

— Kaburi lina utaratibu. Linataka beti.

— Kaburi linataka utulivu! Umewahi kusikia kaburi lenye kelele? Sisi ndio tunaofanana nalo.

— Basi na mimi nalitaka, alisema Spika. — Kumbe kaburi ndiyo fainali! Mnanipa barabara, vumbi na pikipiki, nyie mnabaki na fainali!

— Tugawe kaburi, alisema Kinanda. — Kushusha ni kwangu, udongo ni kwako.

— Udongo wa kwanza au wa mwisho?

— Na mashada?

— Mashada ni kwa kila mtu na lake.

— Kitambaa cha jeneza ni changu, nimeshakishona. Zambarau, kina pindo.

— Zambarau! akapinga Spika. — Kwetu ni nyeupe!

— Mtu ageuzwe nguo barabarani kama mtoto?

— Kwa nini isiwe hivi, akasema Kimya, ambaye sasa alikuwa amesimama na anapiga kelele kuliko wote, — jeneza lisimame njia panda, kila kanisa litulie upande wake, na lile litakalotulia zaidi ndilo lichukue!

— Nani atapima utulivu?

— Mimi!

Hapo ndipo Mzee Gundi alipoona mtu amesimama karibu na jiko. Ni mama mmoja, kitambaa kichwani, mikono myeusi kwa mkaa mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyejua amefika saa ngapi. Mkononi ana kikombe cha bati, kimeoshwa kikang'aa, amekishika kwa ncha ya kanga asikichafue.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mama.

— Poleni kwa msiba.

— Ni kazi ya Mungu, mama. Karibu.

— Sikai. Mimi ni muuza mkaa wa kule nyuma ya soko. Nimeleta kikombe cha mama. Kilibaki kwangu Jumapili.

Mzee Gundi akakipokea. Alikijua. Kila Jumapili jioni kikombe kimoja kilikuwa pungufu, na Jumatatu kimerudi. Alimwuliza mkewe mara moja, akajibiwa, "Kiko kazini." Hakuuliza tena.

— Alikuwa anakuja kwako?

— Kila Jumapili, baba, akishamaliza safari zake. Mimi Jumapili ndiyo siku yangu ya wateja. Na hata wasipokuwepo, mimi na nguo hizi niende wapi? Niliwahi kujaribu. Nikiketi, wa kulia anasogea, wa kushoto anasogea, najikuta nina benchi zima peke yangu. Hawakunifukuza, hapana. Walisogea tu. Nikamweleza mama. Jumapili iliyofuata akaja na birika, akaketi juu ya gunia la mkaa. Na gauni lake lile la rangi ya maziwa.

Gauni hilo Mzee Gundi alilijua vilevile. Ndilo lililokuwa linafuliwa kila Jumatatu, na doa halikuwahi kutoka lote.

— Mlikuwa mnafanya nini? akauliza Spika.

— Tunakunywa kahawa. Ananiuliza habari za wiki. Halafu anaimba.

Watatu wakasogea mbele kidogo, kama mashabiki wanaongoja kona ipigwe.

— Anaimba nini? wakauliza pamoja.

— Nyimbo za kitabuni.

— Ehee! alisema Kinanda.

— Akisahau maneno, anapiga makofi.

— Umesikia hiyo? alisema Spika.

— Halafu ananyamaza muda mrefu, na mimi nanyamaza.

— Nilisema mimi! alisema Kimya.

Mama wa mkaa akawatazama mmoja mmoja. Hakuelewa wamefurahia nini.

— Nilipita kuuliza jambo dogo tu, alisema. — Nimesikia kesho kutakuwa na makanisa matatu. Nami nataka kumsindikiza. Sasa nikija, nikae wapi?

— Hilo si tatizo, mama, Kinanda akaanza. — Mbele itakaa kwaya. Kwaya yetu ina sare, kwa hiyo... hapana, pale hapafai. Nyuma ya kwaya ni wazee wa kanisa. Nyuma yao akina mama wa umoja, wao wana vitambaa vyao. Halafu...

Akaishia hapo. Mtu wa beti, na ubeti umemkatikia.

— Upande wetu, alisema Spika, — pale ni spika, hapa jenereta, vijana wa kucheza wanahitaji nafasi... Mama, wewe unaweza kusimama karibu na... hapana, nyaya zile zina hatari.

Wote wakamgeukia Kimya. Kimya alifungua kinywa, akakifunga. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu apewe jina, alilitendea haki.

Mtaani watu waliendelea kupita. Mzee Gundi alichukua kile kikombe cha bati, akainua birika la mkewe na kuliinamisha. Ikatoka kahawa nusu kikombe, nyeusi, na mwishoni machicha. Akangoja hata tone la mwisho lidondoke. Kopo lilikuwa tupu, na aliyejua kulijaza alikuwa amelala chumbani akingoja kesho. Akampa mama wa mkaa kwa mikono miwili. Kisha akafuta kwa kiganja mwisho wa benchi, pale penye pengo, ingawa hapakuwa na vumbi.

— Keti hapa, mama.

— Nitapachafua, baba.

— Keti.

Akaketi. Alikaa ukingoni, nusu hewani, kama mtu aliyezoea kusogewa. Kinanda, aliyekuwa jirani, alikuwa na suruali ya kijivu iliyopigwa pasi ya kisu. Akaitazama mikono ile, akaitazama suruali yake. Kisha akasogea. Alisogea kumkaribia, mpaka mama ikabidi naye aingie ndani ya benchi vizuri.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Kimya taratibu. Ilikuwa methali ya kwanza siku hiyo kuanguka mahali pake.

— Watakaporudi viongozi, alisema Mzee Gundi, — nitawaambia hivi. Waje wote. Kinanda, mama mkwe wangu yuko, naye anazijua zile nyimbo za kitabu, bila hizo hatajua kama mwanawe amezikwa. Mwimbieni. Spika, vijana wa sokoni watakuja, wale walikuwa wanakunywa kahawa kwa mkopo na mama anasahau kwa makusudi. Wao machozi hayatoki mpaka mwili utikisike. Wapigieni. Spika moja inatosha. Na mimi nitahitaji mahali pa kunyamaza. Kimya, utanisaidia, kama utaweza.

— Nitaweza, mzee.

— Nani ataanza? akauliza Spika. Hakuuliza kwa ubishi tena.

— Benchi hili litatangulia. Mtalibeba nyinyi watatu mpaka makaburini na kuliweka mbele. Huyu mama atakaa. Na kama yuko mwingine kama huyu, atakaa naye. Mchungaji, padri, mtumishi, hakuna atakayefungua kinywa kabla hawajakaa.

Mzee Gundi akatia uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya kwanza. Akashona mshono mmoja pembeni mwa kiatu, akauvuta, ukakaza. Midomo yake ikaanza kucheza, na wale wanne wakaona kwamba haongei nao. Kinanda akasimama wima. Kimya akapiga goti mavumbini. Spika, ambaye kwao hawaombei marehemu, akavua kofia, akainua mkono mmoja juu, kidogo tu. Mama wa mkaa hakujua afanye nini, akashika kikombe chake kwa mikono miwili.

— Bwana, alisema Mzee Gundi, kwa utaratibu wake uleule. — Nilikuwa sina pa kuanzia. Naanzia hapa. Mpokee mke wangu. Miguu yake imechoka, uipumzishe. Usimwulize ni wa kanisa gani, maana utaanza ubishi na hapo kwako, na yeye ni wako. Kama yuko mtu amesimama nje ya lango, ameona aibu ya nguo zake, hajui aketi wapi, usihangaike, Baba. Mwite mama. Yeye atajua pa kumpeleka. Mpe mwanga, mpe amani, umtunzie na mimi nafasi karibu na mlango, nimezoea. Amina.